Mpini Bila Kitambaa

Mtaani walimwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akinyoosha nguo kwenye duka la dobi, kule nyuma ambako wateja hawafiki, penye meza ndefu, pasi za mvuke zinazoning'inia kwenye nyaya, na mashine ya kubana suruali iliyokuwa ikihema kama ng'ombe mgonjwa. Njia kati ya meza na ukuta ilikuwa nyembamba, na wanyooshaji wote walipishana humo siku nzima. Kwa hiyo kulikuwa na sheria moja ambayo hata mwenye duka hakuona haja ya kuibandika ukutani: ukibeba kitu cha moto, au ukimwona mwenzako anakisogelea, sema. "Moto!" Mama Pasi alilisema neno hilo asubuhi mpaka jioni bila kufikiri, kama mtu anavyosema samahani akimkanyaga mwenzake. Mume wake alimtania kwamba hata usingizini hulisema, naye alimjibu kwamba usingizini kuna mtu anakoroma kama jenereta, lazima mmoja atoe tahadhari.

Mume alikuwa fundi umeme. Siku moja alirudi kutoka kazini amebeba kikaango cha chuma. Mwenye nyumba aliyomfungia nyaya alikuwa anahama, na hakutaka kusafiri na kitu kizito namna ile. Kilikuwa cheusi tititi, kipande kimoja cha chuma kuanzia kitako mpaka ncha ya mpini, hakina mbao wala plastiki. Ukikiinua kwa mkono mmoja, mkono unatetemeka.

"Hiki ni cha kupikia au cha kumpigia mwizi?" Mama Pasi aliuliza.

Lakini alikipenda. Akaanza kujifunza kupika steki humo. Ya kwanza iliungua nje, ndani ikabaki baridi. Ya pili ilikuwa soli ya kiatu. Mume aliitafuna kwa upendo mpaka taya zikamuuma. Kidogo kidogo akakielewa chuma chake: kwamba hakitaki haraka, kwamba nyama ipanguswe maji mpaka ikauke, kwamba usiiguse guse ikishatua, na kwamba mwishoni ukikiingiza kikaango chote kwenye oveni kwa dakika chache, nyama inaiva katikati bila kukauka. Hakuwa mpishi hodari, yeye mwenyewe alikiri. Wali wake ulikuwa na siku zake. Lakini steki ya kwenye chuma ilikuwa yake, na katika jiko lile dogo lenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, hicho ndicho kitu alichokifanya akiwa ameinua kichwa.

Kisha wifi akaja kukaa nao.

Alikuwa dada mkubwa wa mume, msusi mwenye saluni yake mwenyewe. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake. Alisuka vichwa vya watu usiku na mchana mpaka mdogo akamaliza mafunzo ya ufundi. Sasa dari ya chumba chake ilikuwa imeanguka kwa mvua, na mafundi walimwambia asubiri wiki kadhaa. Mume akasema, "Dada, utakaa wapi kama si kwangu?" Mama Pasi naye akasema karibu, tena kwa moyo mweupe, akatandika shuka jipya alilolinyoosha mwenyewe.

Wifi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na mikono isiyotulia. Siku ya pili alihamisha vikombe vyote kutoka rafu ya chini kwenda ya juu. Siku ya nne alikikuta kikaango kikiwa cheusi, akadhani ni uchafu, akakisugua kwa waya na sabuni ya unga mpaka kikawa kijivu. "Nimekuokoa, wifi yangu," alisema kwa fahari. "Kilikuwa na masizi ya miaka." Kesho yake kutu ilikuwa imeanza kutokeza. Mama Pasi alitumia jioni nzima kukipaka mafuta na kukirudisha motoni, akipaka na kukirudisha tena, bila kusema neno.

Kulikuwa pia na siku alipomsikia wifi akiongea na shoga yake kwenye simu, mlango ukiwa wazi. "Wifi yangu? Shati atakunyooshea mpaka ulie. Lakini jikoni, shoga, tumwombee tu." Wakacheka huko. Mama Pasi, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, naye alicheka ili aonekane hajali. Meno yalicheka, moyo ulinuna.

Mambo madogo haya, mtu mwenye akili hawezi kuyapeleka hata kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ndiyo maana yanakaa. Kubwa utalisema, watu watakuhukumu au watakutetea. Dogo unalimeza, na ukishameza mengi tumbo linajaa.

Jumapili moja mume alisema wapike steki, dada yake hajawahi kuionja. Mama Pasi alienda buchani mapema, akachagua vipande vitatu vinene vyenye mafuta kidogo pembeni. Alivipangusa, akavitia chumvi, akaviacha vitulie. Akachemsha viazi. Mume alitoka kwenda dukani kununua soda baridi, na jikoni wakabaki wanawake wawili.

Mama Pasi alikiweka chuma motoni, akasubiri mpaka moshi mwembamba ukaanza kupanda. Akatia mafuta, akalaza nyama. Chwaaa! Jiko likajaa harufu. Wifi akasogea, akasimama begani kwake.

"Mbona hugeuzi?"

"Bado, wifi."

"Itaungua."

"Haitaungua."

Alipogeuza, upande wa chini ulikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, sawasawa kama ubao uliopigwa vanishi. Akatia siagi na punje za kitunguu saumu, akawa anachota mafuta kwa kijiko na kuyamwagia juu ya nyama. Kisha akakisukuma kikaango kizima ndani ya oveni. Kilipotoka, alikishika kwa kitambaa alichokikunja mara nne, akakitua juu ya jiko, akavihamishia vipande kwenye ubao.

"Sasa tule," alisema wifi.

"Ngoja kidogo. Inapumzika."

"Inapumzika? Kwani ilikuwa inalima?"

Hata Mama Pasi alicheka hapo, kicheko cha kweli. Mambo yangeishia hapo yangekuwa mema. Lakini majimaji mekundu yalikuwa yanachuruzika kwenye ubao, yakielekea ukingoni, naye akakichukua kile kitambaa kilichokuwa kimelala juu ya mpini akayapangusa. Kitambaa kikabaki kwenye ubao. Mpini ukabaki wazi.

Wifi aliinama, akachukua kisu, akakata kipande cha pembeni. Ndani palikuwa pekundu.

"Hii mbichi," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, wifi. Katikati inakuwa hivyo. Mume wangu anaipenda."

"Mume wako nimemlea mimi." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, na huo upole ndio uliochoma. "Siwezi kukaa nikatazama mdogo wangu akilishwa nyama yenye damu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Usijali, kujua kupika si lazima. Nitaimalizia mimi."

Akageuka kwenye jiko, akapeleka mkono wake wa kulia kwenye mpini.

Mama Pasi aliuona mkono ukienda. Aliuona wote: bangili ikiteleza kwenye kifundo, vidole virefu vikifunguka. Lile neno lilikuja lenyewe, kama lilivyozoea kuja, likafika kwenye meno. Akalizuia. Hakusahau wala hakuzubaa. Alifunga mdomo.

Hakuna mtu ambaye angeweza kuupima muda ule. Ulikuwa mfupi kuliko pumzi moja.

Wifi alikikamata kikaango kwa nguvu zote, kama mtu anavyokamata kitu anachojua ni kizito. Ukelele aliotoa ulifika barabarani. Na kwa vile alikuwa amebana vidole, mkono haukuachia mara moja.

Hapo Mama Pasi akawa mtu mwingine. Alimvuta, akamfungulia maji ya bomba, akamshikilia kiganja chini ya maji huku wifi akijikunja kwa maumivu. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe, imekunjamana, na kwenye mizizi ya vidole ilikuwa imetoka. "Pole, wifi yangu, pole, pole," alisema, na alishangaa kusikia jinsi sauti yake ilivyokuwa laini.

Mume aliingia na chupa za soda mkononi. Alitazama mkono wa dada yake, akatazama kikaango, akatazama mpini.

"Nani aliacha mpini bila kitambaa?"

"Usimseme wifi yangu!" Wifi alisema kabla Mama Pasi hajafungua kinywa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Yeye alikuwa anapangusa ubao. Mimi na kiherehere changu ndio tuliopeleka mkono bila kuuliza. Chuma kimetoka kwenye oveni, nami nimekiona kikitoka. Mtu mzima mimi!"

Mama Pasi hakusema kitu. Hiyo ilikuwa mara ya pili ndani ya nusu saa.

Zahanati walimsafisha, wakampaka dawa, wakaufunga mkono bandeji mpaka ukawa kama mkate. Daktari, kijana mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, aliuliza kazi yake.

"Msusi."

Daktari aliacha kuandika. "Basi tutauangalia vizuri huu," alisema.

Waliporudi, jua lilikuwa limeanza kushuka na viazi vilikuwa vimepoa. Zile steki zilikuwa bado kwenye ubao, zimefunikwa kwa sahani. Mama Pasi alitaka kuzitupa. Wifi akasema ana njaa, kwamba maumivu yana tabia ya kuchimba tumbo, na chakula hakitupwi kwa sababu ya kidole cha mtu. Basi Mama Pasi akakaa pembeni yake, akaikata nyama vipande vidogo vidogo, akawa anamlisha kwa uma.

Wifi alitafuna. Akafumba macho. Akatafuna tena.

"Kumbe ni tamu hivi!" alisema. "Hata ikiwa baridi? Na ule wekundu wala hauna harufu ya damu. Wifi yangu, nimekukosea. Nilikuwa najifanya najua. Nipe kingine."

Mama Pasi akampa kingine.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Haya hayakungoja kuzaliwa. Yalifika siku ileile, tena yakiwa na meno.

Asubuhi, mume akiwa anafunga vifungo vya shati, alijaribu kumwambia. "Mume wangu, jana mimi ndiye niliyekitoa kile kitambaa."

"Najua. Dada ameshaniambia."

"Ningeweza kumwambia asishike."

"Wewe ungejuaje kama atashika?" Alimpiga kidogo begani. "Nani asiyesahau kitu jikoni? Usijibebeshe."

Akatoka. Na Mama Pasi aligundua kwamba sasa amefanya jambo baya zaidi: amesema nusu, na ile nusu imesamehewa, na msamaha wake ameupokea. Uongo wake ulikuwa umepata kuta na paa.

Siku zilizofuata alimhudumia wifi kama yai. Alimwogesha, akauweka mkono uliofungwa juu ya ukingo wa beseni usilowe. Alimfunga sidiria, alimvalisha gauni, alimchana nywele. Mtu ukimwogesha, hawezi kuendelea kukuringia, na wewe huwezi kuendelea kumchukia. Mgongo uliojaa povu ni mgongo tu. Wifi alianza kumsimulia mambo. Alimwambia alivyokuwa akimbeba mdogo wake mgongoni huku anasuka. Alimwambia kuhusu mwanamume aliyetaka kumwoa, akamkataa kwa sababu hakumtaka yule mtoto. "Sikuwa na mdogo wa kike," alisema siku moja akiwa amefunga macho, sabuni ikimtiririka usoni. "Mungu amenipa ukubwani. Amenichoma kwanza ndiyo akanipa." Akacheka. Kwenye simu alimwambia shoga yake, mlango ukiwa wazi vilevile: "Wifi yangu ni dhahabu, shoga. Nilimsema vibaya bure."

Kila neno jema lilimwingia Mama Pasi kama mwiba wa samaki. Angetukanwa angepumua.

Kazini mambo yalimharibikia. Alianza kupiga kelele ya "Moto!" hata akiwa amebeba hanga tupu la kutundikia nguo. Alimpigia kelele mwenzake aliyekuwa anapeleka mkono kwenye glasi ya maji. Wenzake walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka, maana tahadhari ikitolewa kila dakika hakuna anayeisikia tena. Mwenye duka alimwita pembeni. "Mama Pasi, nguo ikiwa baridi usitishe watu. Una nini?"

"Sina kitu, mzee."

"Basi hicho usichokuwa nacho kinakula sana. Umekonda."

Bandeji ilipofunguliwa, kidonda kilikuwa kimefunga, lakini kovu lilikuwa linavuta. Daktari alisema wifi afanye mazoezi ya kunyoosha na kukunja vidole kila siku. Kuhusu kidole kidogo na kile cha pembeni yake alisema, "Tutaona," kwa sauti ya mtu ambaye ameshaona.

Siku ile waliporudi, Mama Pasi alipeleka chai chumbani. Alimkuta wifi amekaa ukingoni mwa kitanda, amelivuta pindo la shuka lenye nyuzi ndefu, anajaribu kulisuka. Alikuwa amegawa nyuzi mafungu matatu. Kidole gumba na cha shahada vilijua kazi yao. Vile viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja, na kila fungu lililopita kwavyo liliviponyoka. Alilifumua, akaanza upya. Likamponyoka. Akaanza upya.

"Kidole hiki hakinisikii, wifi," alisema bila kuinua kichwa. "Nakiita, hakiitiki. Kama mtoto mkaidi." Akacheka, na kicheko kikakatika katikati kikawa kilio cha chini chini, cha mtu asiyetaka kusikika nje.

Mama Pasi alitua chai juu ya meza. Miguu yake ilitaka kutoka. Akakaa sakafuni.

"Wifi. Siku ile nilikuona."

"Ulinionaje?"

"Nilikuona unapeleka mkono kwenye mpini. Nilijua ni wa moto. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema."

Wifi alijifuta macho kwa kanga ya bega. "Ulishtuka tu. Mtu akishtuka, sauti haitoki."

"Sikushtuka. Neno lilikuja. Nililizuia."

Nje, mtu alikuwa anapiga misumari mahali fulani. Wifi alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kichwa cha mteja kabla ya kuamua aanzie wapi.

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya kile kikaango ulichokisugua. Na vikombe. Na yale maneno kwenye simu. Na kwa sababu ulisema umemlea wewe." Alisikia jinsi orodha ilivyokuwa fupi na ya kipuuzi. "Nikiyataja naona aibu. Hayatoshi."

"Hayatoshi," wifi alikubali. Kisha akauliza, polepole: "Nilipopiga ukelele, ulifurahi?"

Angeweza kudanganya. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na aliyeuliza alikuwa karibu anamsihi apite humo.

"Kidogo," alisema. "Kabla sijauona mkono."

Wifi alilikunja pindo la shuka vizuri, akalilaza juu ya goti. "Hukuweza kukaa nalo?"

"Nilishindwa. Ukinisifu nilikuwa nakufa."

"Ulikuwa unakufa." Sauti yake haikupanda, ndiyo kwanza ilishuka. "Mimi nilikuwa na kidonda kimoja, tena cha mkononi, nakiona, napaka dawa. Na nilikuwa na mdogo wa kike. Leo umekuja ukautua mzigo wako hapa, ukanitwisha mimi, ili wewe ulale. Sasa nani ataniogesha? Wewe?"

Wifi akamgeuzia mgongo.

"Toka nje, wifi. Chai yako ichukue."

Kesho yake wifi alimwambia mdogo wake kwamba dari imekamilika. Haikuwa imekamilika, ilibaki robo nzima wazi. Alifunga begi kwa mkono mmoja na meno, akikataa kusaidiwa. Mume alipoenda kutafuta gari, alimwambia Mama Pasi maneno machache mlangoni. "Mdogo wangu hatajua. Usifikiri ni kwa ajili yako. Nimeijenga nyumba hii tangu hajaota ndevu, siibomoi kwa sababu ya mkono."

Mama Pasi alikaa siku tatu nne akingoja kujisikia mwepesi, kama watu wanavyosema mtu hujisikia akishatubu. Wepesi haukuja. Alichopata ni kwamba sasa aliijua hatia yake ilivyo, haina tena mahali pa kujificha, na kwamba alikuwa amemuumiza mtu yuleyule mara mbili. Mara ya kwanza kwa kunyamaza, mara ya pili kwa kusema.

Jumamosi, alipotoka kazini, hakwenda nyumbani. Alienda saluni. Ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, viti vya plastiki na harufu ya mafuta ya nazi na nywele zilizoungua kidogo. Wifi alikuwa na mteja mmoja kitini. Zamani siku kama ile wateja wangekuwa wanangoja mpaka nje. Wifi alimwona kwenye kioo, hakugeuka.

"Kama umekuja kusema pole, tumefunga," alisema.

"Sikuja kusema."

"Fagio liko nyuma ya mlango."

Basi akafagia. Akaosha vitana, akakunja taulo, akamwosha nywele mteja aliyeingia baadaye. Giza lilipoanza kuingia wifi alisema, "Funga dirisha," na hilo ndilo neno pekee alilopewa siku ile. Jumamosi iliyofuata alirudi. Na baada ya hapo akawa anakuja pia siku za katikati ya juma, kila alipoweza kutoka mapema. Mume alifurahi, akasema wifi na wifi kupendana namna hii ni nadra. Mama Pasi alilipokea na hilo.

Hakujidanganya kwamba analipa. Mkono haulipwi kwa taulo zilizokunjwa. Alikuja kwa sababu hakujua pengine pa kwenda, na kwa sababu pale kulikuwa na kazi inayoonekana: wifi hakuweza tena kushika fungu la nywele kwa vidole viwili vya mwisho huku vingine vikisuka, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumshikia. Mama Pasi alijifunza kushika. Alisimama upande wa kulia wa kiti, akayabana mafungu kati ya vidole vyake, akimkabidhi moja baada ya jingine. Siku za kwanza wifi alimnyang'anya bila kumtazama. Baadaye alianza kusema "hapana, lile jembamba," au "legeza." Siku moja mteja mnene mwenye maneno mengi alivunja kiti cha plastiki na kukaa chini puu, akasema hakuvunja yeye, kiti kilikuwa kimeshakata tamaa. Wote wawili walicheka kwa pamoja, macho yakakutana kwenye kioo. Wifi ndiye aliyeyaondoa kwanza. Lakini yalikuwa yamekutana.

Mkono ulipata nafuu, haukupona wote. Kidole cha pembeni kilianza kuitika, kwa uvivu. Kidole kidogo kilibaki kimejikunja, na wifi akabuni namna yake nyingine ya kusuka, ya polepole. Baadhi ya wateja walihama. Baadhi walirudi.

Mwaka ulipokaribia kuisha, aliingia mteja mgeni, mwalimu kwa jinsi alivyokuwa akiuliza kila kitu. Alikaa, akatazama kioo, akauona mkono.

"Mkono umepatwa na nini, dada?"

Mama Pasi alikuwa ameshika mafungu mawili ya nywele.

"Nilishika kikaango cha chuma," wifi alisema. "Kimetoka kwenye oveni."

"Mungu wangu! Na hakukuwa na mtu wa kukuambia kwamba ni cha moto?"

Wifi alisuka hatua moja, akaivuta, akasuka nyingine. Kwenye kioo uso wake haukubadilika.

"Alikuwepo," alisema. "Na aliniambia. Alichelewa tu."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaanza kusimulia habari za jirani yake aliyemwagikiwa na uji. Wifi alinyoosha mkono pembeni bila kutazama, kiganja kikiwa wazi, kovu lake likiwa juu, linang'aa. Mama Pasi alikuwa amesahau kwamba ni zamu ya fungu jingine.

"Lete, basi," wifi alisema. "Mwenzio anangojewa na watoto."

Akampa.